Wadudu wa Chini ya Mawe: Mvua Huwaondoa, Kiangazi Huwarudisha

Mkulima akinunua ng'ombe humtazama meno, na akinunua mbegu huzitazama kama zimetobolewa. Lakini maji ya kijito, ambayo yeye na watoto wake na mifugo yake huyatumia kila siku, huyatazama kwa juu tu. Yakiwa maangavu husema ni mazuri, na yakiwa mekundu husema mvua imenyesha huko juu. Mwezi huu twataka kuwaonyesha wakulima wa Kenol, Makuyu, Sabasaba na sehemu za jirani njia nyingine ya kuyatazama maji, nayo ni kuinua jiwe.

Inua jiwe lililolala mahali maji yanapokwenda mbio. Ligeuze, ulitazame upande wa chini kwa muda wa kuhesabu mpaka thelathini. Mwanzo utaona utelezi tu. Kisha utaona kwamba sehemu ya utelezi huo inatembea. Hao ndio wenyeji wa kijito, na watoto wetu wachungao ng'ombe wanawajua zaidi kuliko sisi watu wazima.

Yafaa tuwajue wachache, maana hatuwezi kusema habari za majira yao kabla ya kujua ni nani tunayemsema. Yuko mdudu bapa, mwenye miguu sita na mikia mitatu myembamba kama nyuzi, aendaye upande upande juu ya jiwe kama anayekimbia jua. Pembeni mwa tumbo lake yako majani madogo yanayopepea, na kwa hayo huvuta hewa iliyomo ndani ya maji. Huyu huishi majini kwa majuma au miezi, kisha huota mabawa, huruka, huzaa, na kufa baada ya saa chache au siku moja mbili. Akiwa na mabawa hali chakula hata kidogo, kwa kuwa kinywa chake hakifanyi kazi tena. Yuko mwingine mwenye mikia miwili, mkubwa zaidi, mwenye kucha, apendaye maji baridi yaendayo kasi. Huyu hula wenzake. Yuko fundi ajengaye nyumba yake kwa chembe za changarawe au vipande vya majani, akaibeba mgongoni kama konokono, na nduguye afumaye wavu mdogo baina ya mawe ili anase chakula kinachopita. Wako mabuu ya usubi, yaliyojishikiza mkiani penye maji makali na kupunga vipepeo viwili kichwani ili kuchuja chakula. Ndani ya tope wako funza wekundu, wembamba kama uzi, ambao wekundu wao ni wa damu ishikayo hewa vizuri, na kwa sababu hiyo waweza kuishi mahali wengine wanapokosa pumzi. Tena wako kaa, konokono, ruba, na watoto wa kereng'ende.

Mito yetu hapa, yaani Thika, Sabasaba na Maragua, yote hutoka katika milima ya Nyandarua, ikateremka mashariki mpaka ikaingia katika Tana. Huko juu msituni maji ni baridi na yana kivuli. Yafikapo kwetu katika nchi iliyokuwa ya mashamba ya mkonge, yamekwisha kupita katika chai, katika kahawa, na kando ya maelfu ya mashamba madogo. Kila mmoja aliyeishi juu ametia kitu ndani yake, au ametoa. Ndiyo maana mkulima wa chini ana haja ya kujua maji yake yana hali gani, na wadudu hawa humweleza kwa sababu wao hukaa humo usiku na mchana. Chupa ya maji ipelekwayo kwa kupimwa husema habari za dakika ile ilipojazwa tu. Mdudu aliyeishi chini ya jiwe kwa miezi miwili amepitia kila kitu kilichopita katika miezi miwili hiyo.

Lakini hapa pana shida, nayo ndiyo sababu ya kuandika makala haya. Wadudu hao hawawi sawa mwaka mzima. Mtu akienda kijitoni mwezi wa Februari akawakuta tele, kisha akarudi mwezi wa Mei asikute hata mmoja, atasema maji yametiwa sumu. Pengine ni kweli. Pengine ni mvua tu.

Katika nchi za baridi kama Uingereza, wadudu wa mto huongozwa na joto na baridi. Aina nyingi huota mabawa katika wiki fulani tu za mwaka, na wavuvi wa huko wana kalenda ya wadudu kama sisi tulivyo na kalenda ya kupanda. Kwetu karibu na mstari wa Ikweta baridi si kali kiasi hicho, na wadudu wengi huzaana mwezi baada ya mwezi. Wako wachache wafuatao mwezi wa mbinguni. Mwaka 1955 mtaalamu R. Hartland-Rowe alieleza kwamba mdudu mmoja wa Ziwa Victoria, wa ukoo wa wale tuliowataja mwanzo, huruka kwa wingi siku chache baada ya mwezi kuwa mpevu. Ila kwa vijito vya milimani bwana mkubwa ni mvua. Yeye ndiye apangaye nani awepo na nani asiwepo.

Tuanze na mvua ya njahi, ile ndefu ya Machi mpaka Mei. Mvua ya kwanza kubwa huleta maji mekundu yenye nguvu. Mawe hubiringika, changarawe husagana, na mchanga huyasugua mawe kama mtu anayesugua sufuria. Mdudu aliyeshika jiwe hana la kufanya jiwe lenyewe likiondoka. Wengi huchukuliwa na maji, wengine husagwa. Katika siku moja au mbili mahali palipojaa hubaki patupu. Waliookoka ni wale waliozama chini katikati ya changarawe, na wale waliokimbilia kando penye mizizi na majani ambako maji hayana nguvu, na wale waliokuwa katika vijito vidogo visivyofurika sana. Tena wako waliokuwa hewani wakati huo wakiwa na mabawa, na mayai yao yatakuja baadaye.

Hapo ndipo tuonapo kazi ya Mungu katika viumbe vidogo, kwa sababu kijito hakikai kitupu muda mrefu. Hata pasipo mafuriko, wadudu wa mto wana desturi ya kuachia jiwe na kuchukuliwa kidogo na maji, kisha kushika jiwe jingine mbele. Hufanya hivyo zaidi usiku, wakati samaki hawawaoni vizuri. Jambo hili limechunguzwa hapa hapa petu. Mwaka 1992 wanasayansi wa Kenya J. M. Mathooko na K. M. Mavuti walichapisha uchunguzi wao wa mto Naro Moru, uteremkao kutoka Mlima Kenya upande wa magharibi. Walichunguza ni wadudu gani walio chini ya mto huo, jinsi wanavyobadilika kwa majira, na wangapi huchukuliwa na maji. Kwa njia hiyo ya kuchukuliwa, sehemu iliyosafishwa na mafuriko hupokea wageni kutoka juu kila usiku. Hupokea pia mayai kutoka kwa wale wenye mabawa, ambao wengi hupenda kuruka kuelekea juu ya mto kabla ya kutaga. Wa kwanza kurudi ni wadogo wakuao upesi: wale wa mikia mitatu walio wembamba wa kuogelea, na mabuu ya usubi. Wakubwa wakuao polepole, kama yule wa mikia miwili, hukawia.

Juni mpaka Agosti ni majira ya gathano, ya ukungu na baridi. Wakulima hawayapendi kwa sababu mahindi hayakauki vizuri na ng'ombe hukohoa. Lakini kwa kijito haya ni majira mazuri. Maji bado ni mengi, yameacha kuwa mekundu, na ni baridi. Maji baridi hushika hewa nyingi: katika usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye joto la digrii 10 huweza kushika miligramu 11 hivi za oksijeni, na yakifika digrii 25 hushika 8 tu. Basi wale wapendao hewa nyingi hustawi wakati huu.

Mvua ya mwere, ya Oktoba mpaka Desemba, hufanya kazi kama ile ya njahi, mara nyingi kwa nguvu ndogo zaidi, ingawa si kila mwaka. Wazee wanaikumbuka ya mwaka 1961, na sisi twaikumbuka ya 1997. Lakini mvua ya mwere ina jambo jingine ndani yake, nalo ni kwamba hayo ndiyo majira makubwa ya kuchuma kahawa. Viwanda huosha kahawa, na maji yaliyooshea, yenye sukari na maganda, yakiachwa yaingie mtoni huoza. Kuoza kwenyewe hula hewa ya maji. Kwa hiyo mwezi wa Novemba wadudu waweza kupungua kwa sababu mbili kwa pamoja, na mtu asiyejua kuzitenganisha atamlaumu Mungu kwa kosa la kiwanda, au atakilaumu kiwanda kwa kazi ya mvua.

Sasa ni kiangazi cha Januari na Februari. Maji yamepungua na yametulia, na chini ya mawe pamejaa. Hata hivyo msidhani kwamba kiangazi ni kizuri kwa wote. Maji yakizidi kupungua, mahali pa kasi huwa pachache, na mabuu ya usubi yatakayo maji makali hupungua. Madimbwi hupata joto. Majani yaliyoanguka hukusanyika, na hapo kaa hupata kazi yake. Katika vijito vya milima yetu, wataalamu waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2002 walikuta kwamba wadudu wararuao majani ni wachache kuliko katika mito ya Ulaya, na kaa ni mmoja wa wafanyi kazi wakubwa wa kuyasaga majani hayo. Basi kijana anayewaua kaa wote kwa mchezo anaondoa kinu cha kijito. Kiangazi pia huwaita konokono katika maji yaliyosimama au yaendayo polepole, hasa penye majani ya maji, na baadhi yao hubeba kichocho. Wakulima wa mpunga wa Mwea wanaujua ugonjwa huo tangu mifereji yao ilipochimbwa katika miaka ya 1950. Aliyechimba bwawa au mfereji wa kumwagilia nyanya na mishiri aondoe majani ya maji kando yake, wala asiwaache watoto waoge humo.

Naona sasa nieleze kisa kimoja, kwa sababu kinaonyesha hatari ya kutazama mara moja tu. Katika msimu mmoja wa njahi walikuja ofisini kwetu wakulima wawili waliogawiwa mashamba yanayopakana na kijito kimoja. Yule wa chini alikuwa na hasira. Ndama wake alikuwa ameugua, na mtoto wake, aliyefundishwa shuleni habari za wadudu wa maji, alikuwa amegeuza mawe asione kitu. Basi alisema jirani wa juu, mwenye shamba la nyanya, amesafishia pampu yake ya dawa kijitoni. Yule wa juu alikana. Kwa muda wa majuma mawili wake zao hawakusalimiana, na mambo yalikuwa karibu kufika kwa chifu.

Afisa wa kilimo hakusema ni nani mkosa. Aliwaambia, "Wazee wangu, twendeni sote kijitoni, na mtoto pia." Akaanza mahali ambapo hakuna aliyetazamia, yaani juu kabisa ya shamba la nyanya, mahali maji yalipokuwa hayajafika kwa mtu anayeshtakiwa. Wakageuza mawe kumi. Patupu. Wakashuka chini ya shamba la nyanya, wakageuza kumi mengine. Patupu vile vile. Kisha akatia kichungi cha chai katika mizizi ya nyasi ukingoni, juu na chini, na pande zote mbili wakatoka wadudu wa mikia mitatu, wadogo, wazima, wenye kurukaruka. Kaa nao walikuwamo katika mashimo yao, hai.

"Mzee," akamwambia yule wa chini, "dawa ya jirani haiwezi kupanda mlima. Waliokosekana hapa wamekosekana na kule juu pia. Hii ni mvua." Ndama alitazamwa na daktari wa mifugo akakutwa na ugonjwa wa kupe. Mwezi wa Julai walirudi kijitoni wote pamoja, nao wakakuta mawe yamekaliwa tena, juu na chini.

Nilisomea ualimu kabla ya kuketi katika meza ya ofisi, na kisa hicho kilinikumbusha rejista ya darasa. Mvua kubwa ikinyesha asubuhi, darasa zima hupungua, na mwalimu mwenye akili hachapi mtu. Lakini siku ya jua kali darasa la pili likiwa limejaa na darasa la tatu likiwa tupu, huyo mwalimu lazima aulize kuna nini katika darasa la tatu. Ndivyo ilivyo kwa kijito. Kupungua kwa majira huonekana juu na chini ya shamba kwa pamoja. Kupungua kwa sumu au uchafu huanzia mahali fulani, na juu ya mahali hapo wadudu wapo.

Dawa ina dalili nyingine. Baadhi ya dawa za kuua wadudu wa mboga, hata kiasi kidogo sana, huwaua wadudu wa maji upesi, kwa kuwa nao ni wadudu kama wale wa nyanya. Zikiingia, wadudu huachia mawe wote kwa pamoja mchana wa jua, wakaonekana wakielea na kujikunja, na kaa hutoka majini kana kwamba wamefukuzwa. Mafuriko hayafanyi hivyo. Ukiona jambo hilo na maji ni maangavu, usiwanyweshe ng'ombe siku hiyo, uwaonye wa chini yako, na upeleke habari kwa afisa wa kilimo na kwa chama chenu cha watumiaji wa maji mara moja, wala usingoje baraza.

Atakaye kutazama kijito chake hahitaji vyombo vya gharama. Anahitaji beseni jeupe, kichungi cha chai au kipande cha chandarua kilichofungwa katika fito mbili, na mabuti ya mpira kwa ajili ya kichocho. Simama mahali maji yanapokwenda kasi, shika wavu upande wa chini, kisha vuruga mawe kwa mguu upande wa juu kwa dakika mbili. Mwaga ulichopata ndani ya beseni lenye maji kidogo. Hesabu aina, si vichwa. Mwenye aina nane anajua zaidi kuliko mwenye wadudu mia wa aina moja. Fanya hivyo juu ya shamba lako na chini yake, siku moja, kwa muda ule ule. Nyakati zifaazo ni mwisho wa kiangazi, yaani Februari na Septemba, wakati mvua haijavuruga kitu. Ikiwa mafuriko yamepita, ngoja majuma matatu au manne. Andika katika daftari, pamoja na tarehe na mvua iliyonyesha. Daftari la mwaka mmoja lina faida ndogo. La miaka mitatu litakusaidia hata mbele ya hakimu.

Wakulima wengine watauliza, basi nitajuaje kama aina nilizopata ni dalili njema? Watu wa Afrika Kusini walifanya kazi nzuri katika jambo hili. Kwa utaratibu wao, ambao toleo lake la tano lilichapishwa mwaka 2002, kila ukoo hupewa alama kutoka 1 mpaka 15, kwa kadiri usivyovumilia uchafu. Minyoo ya tope hupata 1, funza wekundu na ndugu zao 2, mabuu ya usubi 5, na yule mkubwa wa mikia miwili 12. Alama hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa hesabu ya koo zilizopatikana. Mwaka 2015 wataalamu wakiongozwa na Lulu Kaaya walichapisha utaratibu wa namna hiyo uliotengenezwa kwa ajili ya mito ya Tanzania. Kwetu shambani si lazima kufika huko. Ukipata wenye mikia na wajenzi wa nyumba za changarawe wa aina kadhaa, maji yako yana hewa ya kutosha. Ukipata minyoo na funza wekundu peke yao, miezi yote, hata wakati wa gathano, jua kwamba kuna kitu kinachooza juu yako. Lakini angalieni: wadudu wakiwa wengi haina maana kwamba maji yafaa kunywewa bila kuchemshwa. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havimdhuru mdudu wa jiwe hata kidogo.

Sasa nataka kusema habari za udongo, kwa maana huo waua zaidi kuliko dawa, nao hauna kelele. Udongo wetu mwekundu ukiingia kijitoni hujaza nafasi zilizo baina ya mawe, na nafasi hizo ndizo nyumba. Mafuriko ya maji matupu huondoa wadudu kwa mwezi mmoja au miwili, kisha hurudi. Mafuriko ya udongo huondoa nyumba zenyewe, na wadudu warudipo hawana pa kukaa. Ndipo kijito kigeukapo kuwa cha funza wekundu peke yao. Najua kwamba neno la matuta lina historia chungu katika Murang'a. Mwaka 1948, wilaya hii ilipoitwa Fort Hall, wanawake waliikataa kazi ya matuta ya kulazimishwa, na walikuwa na sababu zao. Lakini tuta ambalo mtu amelichimba katika shamba lake mwenyewe kwa hiari yake ni jambo jingine, na udongo anaouzuia ni wake.

Kanuni za maji za mwaka 2006 zilikataza kulima kando ya mto katika upana usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, kupimwa kutoka sehemu ya juu ya ukingo wa mto. Wengi wetu tumepewa mashamba membamba yashukayo mpaka majini, na mita 6 ni sehemu kubwa ya mboga za mwaka. Siwezi kusema si hasara. Lakini ukingo uliopandwa majani ya ng'ombe si ukingo uliopotea: hukatwa, hulisha, na huzuia udongo na dawa. Afadhali pia kupanda miti ya asili kuliko mikaratusi, ambayo hunywa maji mengi na majani yake ni magumu kwa viumbe vya kijito. Na kwa habari ya pampu, ioshwe shambani, maji yake yamwagwe juu ya mimea ile ile iliyonyunyiziwa, mbali na kijito. Chupa tupu isioshwe mtoni kwa kisingizio chochote.

Mwisho, wasomaji kadhaa wametuuliza kama usubi wa vijito vyetu huleta upofu, kwa kuwa wamesikia redioni habari za upofu wa mito. Swali hilo ni zuri. Ugonjwa huo ulikuwako Kenya, katika sehemu za Nyanza na magharibi, na ulienezwa na aina moja ya usubi. Kwa miaka mingi wataalamu walitafuta mabuu yake chini ya mawe na katika majani ya maji wasiyapate, ingawa usubi wenyewe walikuwa wakiuma watu kila siku. Mwaka 1950 van Someren na McMahon walieleza kwamba yameonekana: yalikuwa yamejishikiza juu ya miili ya kaa wa mtoni, wakitembea naye kokote aendako. Baada ya hapo mito ya sehemu hizo ilitiwa DDT, na mwaka 1958 McMahon na wenzake walichapisha taarifa ya kumaliza aina hiyo ya usubi katika Kenya. DDT yenyewe ilipigwa marufuku kwa kilimo mwaka 1986, na mtu yeyote asifikiri kwamba kazi ile ni ruhusa ya kutia dawa kijitoni leo. Usubi wa Thika, Sabasaba na Maragua huwasha ngozi na kusumbua ng'ombe masikioni, hasa majuma machache baada ya mafuriko kutulia, wakati mabuu yao yanapokuwa ya kwanza kurudi. Hawaleti upofu. Mvua ikiacha na maji yakipungua, nao hupungua.